Kuumeni na Kukeni: Wiki Yetu ya Kuandika Koo za Pemba

Tulipostaafu, mimi katika ukunga na mume wangu katika ualimu, watu walitutazamia tufanye kama wastaafu wengi wa hapa Pemba: kiinua mgongo kinunue kipande cha shamba, tufuge kuku, tungoje msimu wa karafuu. Kuku tunao, na mikarafuu michache ya urithi ipo. Lakini kazi inayotuamsha asubuhi ni nyengine. Tunaandika koo. Tunakwenda kwa wenyewe, tunakaa nao, tunasikiliza, tunaandika nani kamzaa nani, nani kamlea nani, nani kamnyonyesha nani, kisha tunawarudishia daftari lao. Hatulipwi, wala hatutaki kulipwa.

Kumbe hatuko peke yetu duniani. Jamaa yetu anayeishi Uingereza alitueleza habari za Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao yake Salt Lake City huko Marekani. Wao walianzisha jumuiya yao ya nasaba mwaka 1894, na mpaka leo wanandoa wao waliokwishastaafu hufunga nyumba zao wakaenda kutumikia mahali pengine, wengine katika kazi hii hii ya kutafuta kumbukumbu za koo, kwa gharama zao wenyewe. Wana sababu zao za kidini. Sisi tuna zetu, nazo ni kuunga jamaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuhimiza tujifunze nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga undugu wetu. Mume wangu alipenda sana kuyasikia ya hao wazee wa Marekani. Alisema, kama watu wanavuka bahari kwa kazi hii, sisi inatushinda nini kuvuka kutoka Wete mpaka Kengeja?

Ugumu wa kazi unaanzia kwenye majina. Mtu wa Zanzibar hupita na jina lake, la baba yake na la babu yake. Khamis Juma Faki akimzaa Ali, Ali ataandikwa Ali Khamis Juma, na Faki kishatoka. Ali naye akizaa, Juma anatoka. Kwa hivyo yule aliyefyeka pori, akachimba kisima na kupanda mikarafuu inayogombaniwa leo, hayumo katika jina la kitukuu chake. Na huyo ni mwanamume. Mama yake Juma hakuwamo tangu mwanzo. Cheti cha kuzaliwa hutaja mama wa mtoto, na hapo kinakoma.

Hili ndilo jambo ambalo kazi hii imenifundisha kuliko yote, na ndilo ninalotaka wenzangu walisikie: ukoo ukiandikwa kwa wanaume peke yao, umeandikwa nusu. Wanaume wengi wa kisiwa hiki watakuhesabia baba wa baba mpaka wa saba bila ya kusita. Muulize mmoja wao, mama yake babu yako alikuwa nani? Atakwambia, "Alikuwa mtu wa Tumbe huko." Basi. Na ndani ya nyumba ile ile, nyuma ya pazia, yuko bibi aliyekaa kimya anayejua jina la huyo mtu wa Tumbe, jina la mama yake, kaolewa mara ngapi, kazaa wangapi na wangapi wamefia mikononi mwake. Haulizwi.

Mimi nililijua hili kidogo tangu kazini. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu huwaita wanawake wa kwao, na usiku kucha mkunga husikia mambo yasiyosemwa barazani. Lakini sikuwa nimejua ni mengi kiasi gani.

Jumatatu hatutoki. Mwalimu, nami humwita hivyo kama wanavyomwita watu wote, huweka simu mezani na kusikiliza tuliyoyarikodi wiki iliyopita. Anasimamisha, anarudisha, anaandika kwa penseli kwanza, kisha kwa wino katika kaunta buku. Mwandiko wake ni ule wa ubaoni, mkubwa na ulionyooka, hata mzee mwenye mtoto wa jicho anaweza kuusoma. Tumekubaliana alama zetu: mstari mzima ni damu, mstari wa vitone ni ziwa, yaani kunyonyeshwa na asiyekuzaa, mstari wa wimbi ni malezi. Malezi hatuwezi kuyaacha. Hapa kwetu mtoto kupelekwa kwa bibi yake, au kwa shangazi asiyejaaliwa kuzaa, ni jambo la kawaida, na ukimuuliza mtu mama yako nani, huenda akakutajia aliyemlea na asikutajie aliyemzaa. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yana haki ya kuandikwa.

Tarehe ndizo zinazokula siku. Wazee waliosoma chuoni waliandika kuzaliwa kwa watoto wao katika ukurasa wa mwanzo wa msahafu au wa kitabu cha Maulidi, kwa herufi za Kiarabu na kwa miezi yetu: Mfunguo Mosi baada ya Ramadhani, mpaka Mfunguo Tisa, kisha Rajabu na Shaabani. Mzee mmoja wa upande wa Konde alitutolea msahafu wa baba yake, umefungwa kitambaa cha kijani. Karatasi zilikuwa zimeshikana pembeni, ikabidi binti yake azitenganishe kwa ncha ya sindano ya kushonea kofia, taratibu, jani kwa jani. Kwenye jani la kwanza jina la mzee lilikuwepo na chini yake "Mfunguo Sita 1356". Mwezi wa Maulidi, yaani Mei au Juni 1937. Cheti chake kinasema 1 Januari 1942. Mzee alicheka akasema miaka hiyo mitano atamdai nani. Mimi niliona kitu chengine: chini ya tarehe baba mtu ameandika jina la mama wa mtoto, na la mama yake huyo mama. Wapo wanaume waliojua kuwa hilo lina maana.

Asiyeandikiwa popote tunampima kwa matukio. Ulikuwa umeshaolewa uchaguzi wa kwanza? Huo ni Julai 1957. Wewe na ndugu yako, nani alizaliwa mwaka aliokuja Princess Margaret? Huo ni 1956. Siku za vita vya mawe, Juni 1961, ulikuwa na mimba ya nani? Mapinduzi yalipokuja Januari 1964 mtoto gani alikuwa mgongoni? Nyumba yenu mlipopewa eka tatu za ardhi na serikali baada ya Mapinduzi nani alikuwa hai, nani ameshakufa? Wanawake hujibu maswali haya haraka kuliko wanaume, kwa sababu wao hesabu yao ni ya mimba na ya watoto, na mtoto wa mgongoni hasahauliki. Mara nyingi hatupati tarehe kamili, tunapata nani mkubwa kwa nani. Kwa mirathi na kwa nasaba hilo linatosha sana.

Jumanne na Jumatano ndizo siku zenyewe. Tunatoka na vespa baada ya sala ya alfajiri na chai, Mwalimu mbele, mimi nyuma na mkoba wa madaftari. Kwanza kwa sheha, ajue wageni wameingia kwenye shehia yake na wamefuata nini. Kisha kwa wenyewe. Tunachukua sukari na majani ya chai. Pesa hatutoi hata siku moja, kwa kuwa habari ikishalipiwa itarefuka ili ilipiwe zaidi.

Tukifika tunagawana. Mwalimu anakaa barazani na wanaume. Mimi naita hodi ya pili na kupita ndani mpaka uani, ambako wanawake wapo na shughuli zao, na siziachishi. Mwanamke aliyeacha kazi ili ahojiwe hujibu kama yuko mahakamani. Akiwa anasuka ukili, macho yako kwenye mkono, mdomo unakwenda wenyewe. Siulizi ukoo wenu upi. Nauliza ulizaliwa nyumba gani, mkunga wako alikuwa nani, nani alikulea ulipokuwa na arubaini ya mtoto wako wa kwanza, na jina lako hili ni la nani. Swali la jina ndilo ufunguo. Watoto wa kike wengi hapa hupewa majina ya bibi zao, na jina likirudi kila baada ya kizazi kimoja, ukilifuata linakupeleka kukeni mpaka mahali ambapo hakuna karatasi iliyofika.

Msimu wa karafuu ukichanganya mambo hubadilika. Mchana hakuna mtu nyumbani, kila mwenye nguvu yuko mkarafuuni. Basi tunakwenda jioni, wakati wa kuchambua. Magunia yanamwagwa juu ya jamvi, wanawake na watoto wanakaa duara, vikonyo vinashikwa kwa mkono wa kushoto na karafuu zinapukuswa kwa kiganja cha kulia, karafuu huku, makonyo huku. Vidole vinakuwa vyeusi na macho yanawasha kwa ule ukali. Kazi hiyo huenda mpaka usiku mkubwa, na haifanyiki bila hadithi. Nami nakaa, nachambua kama wao, simu iko mapajani inarikodi baada ya kuwaomba ruhusa. Hapo ndipo nilipopata habari za wanawake wanne wa nyumba moja, mama na mwana na mjukuu na kitukuu, ambao barazani Mwalimu alikuwa ameshaambiwa kwamba "upande huo haujulikani".

Kuna kisa nimeruhusiwa na wenyewe kukisimulia, bila majina na bila kijiji. Bibi mmoja alikuwa ananieleza watoto wake, wangapi wamekaa na wangapi wamekwenda mbele ya haki. Mimi siku zote, kila nikimaliza watoto wa kuzaa, huuliza, "Na mwengine aliyepita kifuani mwako, bibi?" Akafikiri kidogo. Akasema, "Yuko mmoja. Mama yake alipelekwa hospitali Chake baada ya kujifungua, akakaa huko. Nami nilikuwa na kitinda mimba wangu kifuani. Nikaletewa yule mtoto, nikampa huku na mwanangu huku, mwezi mzima. Kisha wakahamia Unguja." Nikamuuliza jina la huyo mama. Akalitaja.

Mlangoni alikuwa amekaa mjukuu wake, mtoto wa binti yake mkubwa, msichana wa chuo kikuu aliyekuja likizo. Aliinuka akaingia chumbani. Nilidhani ameitwa. Baadaye mama yake akanifuata hata njiani, kanga haijamkaa vizuri kichwani, akaniambia kijana anayemtaka binti yake, waliyejuana naye huko huko chuoni Unguja na ambaye wazee wake walikuwa wanajitayarisha kuleta posa, mama yake ana jina hilo hilo na kwao asili ni kijiji hicho hicho.

Wengi wetu tunaifuata njia ya Imamu Shafi. Kwa njia hiyo, mtoto aliyenyonya mara tano za kushiba kabla hajatimia miaka miwili amekuwa mtoto wa aliyemnyonyesha. Mwezi mzima ni zaidi sana ya mara tano. Kwa hivyo yule kijana ni mtoto wa bibi kwa ziwa, na kwa yule msichana ni mjomba wake. Nilichofanya ni kuwaambia wasinisikilize mimi, waende kwa wanaojua, na bibi asimulie mwenyewe kama alivyonisimulia. Walikwenda kwa Kadhi. Mama wa kijana alipigiwa simu, akakumbuka yote, akalia sana, maana hakujua binti yule ni wa nyumba gani. Mjini watu hujuana kwa majina ya mitaani. Posa haikuletwa. Ilikuwa miezi mizito kwa wale vijana wawili, na sitaki kuifanya nyepesi kwa kuieleza upesi. Lakini sasa yule kijana anaingia nyumba ile kama mtoto wa nyumba, Idi huja kumpa mkono mama yake wa ziwa, na yule msichana ameolewa kwengine.

Tangu siku hiyo Mwalimu ndiye anayenikumbusha mistari ya vitone. Hakuna cheti kinachoandika ziwa. Hakuna ofisi. Iko vifuani mwa wanawake, na mwanamke akifa bila ya kuulizwa, haramu na halali ya watoto wasiozaliwa bado inafukiwa pamoja naye.

Jambo zito zaidi ya hilo ni la utumwa, na humu Pemba halikwepeki. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikasalimika. Bei ya karafuu ikapanda, wenye mali wakaelekea huku, na watu waliouzwa wakaletwa huku kulima na kuchuma. Sayyid Hamoud alitangaza mwaka 1897 kuwa mtumwa anaweza kudai uhuru wake, lakini masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa na mabwana wao kama wake, hawakuwemo katika tangazo hilo. Kwao ilichelewa mpaka 1909. Hayo si mambo ya zamani sana. Nimekaa na wazee waliolelewa na bibi zao waliozaliwa katika siku hizo.

Mtoto wa suria kwa sheria ni huru, na anarithi kwa baba yake sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Basi koo nyingi kubwa za kisiwa hiki, zikiwemo zinazojivunia nasaba zao za Kiarabu, zimepita katika matumbo ya wanawake walioletwa kwa majahazi kutoka bara. Kwenye shajara za nasaba zilizoandikwa na wanaume wanawake hao hawamo, au pameandikwa "mama wa watoto" tu. Uani majina yao yapo. Yapo hata maneno ya kwao, vipande vya nyimbo za kubembelezea watoto ambazo hakuna tena anayejua maana yake.

Katika nyumba moja wanaume walituomba jina la mama yao mkuu wa namna hiyo tusiliandike. Mwalimu akakubali papo hapo, na alifanya sawa, maana sisi ni wageni na aibu si yetu kuigawa. Siku ya kuwasomea daftari, bibi mkubwa wa nyumba ile, ambaye hata kutembea ni kwa kushikwa, alisikiliza mpaka tukafika pale palipo wazi. Akawauliza wanawe, "Na yeye yuko wapi?" Hakuna aliyejibu. Akasema, "Mwandikeni. Mashamba mnayachuma, jina mnalionea haya?" Mtoto wake mkubwa ndiye aliyemwambia Mwalimu, tena kwa sauti, andika, Mwalimu. Tukaandika jina, na mbele yake "Mnyasa", kama bibi alivyotutajia.

Si kila nyumba huwa hivyo. Kwa hiyo tuna daftari la wazi, ambalo ukoo mzima unalisoma, na tuna daftari la amana, ambamo mtu huandikiwa analotaka lihifadhiwe na lisisomwe ila kwa idhini ya aliowataja. Yako mambo ambayo hatuandiki kabisa hata tukiyasikia. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ananasibishwa kwa mama yake, na hapo tunaishia. Hatuendi kumtafuta mtu wa kumtia aibu. Sitara nayo ni ibada. Na zile koo zinazosema zimetokana na Mkama Ndume, mtawala wa kale ambaye magofu yake yako Pujini, tunaziandika kama zinavyosimuliwa, kwa neno "inasemwa", kwa sababu kati ya magofu yale na mzee tuliyekaa naye kuna vizazi vingi visivyo na majina, na Mwalimu hakubali kujaza nafasi tupu kwa kuwafurahisha watu.

Alhamisi ni ya ofisi. Tunakwenda Chake Chake na wazee wanaohitaji kushikwa mkono: huyu kwenye Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kufuatilia cheti, huyu Mahakama ya Kadhi kwa mirathi, huyu ana karatasi ya eka tatu iliyoliwa na mchwa pembe moja. Mirathi ndiyo inayotuletea watu wengi, na humo napo wanawake ndio wanaosahauliwa. Wakiitwa warithi, mtoto wa kike aliyeolewa Mombasa miaka hiyo hatajwi, na watoto wake hawajui kama wana fungu Mtambile. Daftari likiwepo mezani, kumsahau si rahisi.

Mara chache tunavuka kwenda Unguja, kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Mwalimu anazipenda siku hizo kuliko mimi. Akikaa mle na mafaili ya zamani ya serikali, hanisikii hata nikimwita. Lakini hata mimi nilishika kalamu kwa mkono unaotetemeka nilipoonyeshwa makaratasi ya fidia walizolipwa mabwana baada ya 1897. Mle wanawake wamo kwa majina yao wenyewe. Inauma kwamba karatasi iliyomkumbuka mwanamke huyo ni ile iliyomuandika kama mali ya mtu. Tunayanakili hata hivyo, tukayapeleka kwa bibi zetu uani, na jina moja moja hukutana na mwenyewe.

Ijumaa ni ya msikiti, ya kuzuru makaburi ya wazazi wetu, na ya kupumzika. Mwalimu hulala mchana siku hiyo tu.

Jumamosi tuko kwenye harusi au khitma, maana hizo ndizo siku ambazo ukoo huja wenyewe. Sichukui daftari. Si adabu kumkalia mtu na kalamu msibani. Nakaa na wanawake kwenye kuchagua mchele au kukuna nazi, nawatambua, naomba kuja nyumbani siku nyengine. Ukitaka kujua nani ni nani, tazama nani anaingia mpaka jikoni bila ya kubisha na nani anangoja kukaribishwa. Tazama nani anapewa kazi ya kumkosha maiti. Wanawake hawamkabidhi mtu wao kwa mtu ambaye hawamjui asili yake.

Jumapili ni ya simu. Wa Muscat, wa London, wa Dar es Salaam, na siku hizi sana wa pwani ya Kenya. Wavuvi wa Kojani tangu enzi hufuata samaki, wanakwenda dago, yaani kambi za uvuvi za mbali, miezi kadhaa, Tanga, Vanga, Shimoni mpaka Kilifi, na wengine waliona kwao kumekuwa huko. Watoto na wajukuu wao waliishi Kenya miaka mingi bila ya uraia, mpaka serikali ya nchi hiyo ilipowatambua Wapemba kuwa jamii ya Kenya mwaka 2023. Tangu hapo tunapigiwa na watu ambao wamekwishapata kitambulisho na sasa wanataka kujua kisiwani ni watoto wa nani. Wanatutajia babu, Kombo fulani, Hamad fulani. Kojani ina akina Kombo wangapi? Nawaambia, niulizie bibi. Nitajie mke aliyemwacha Kojani alipokwenda dago, au dada yake aliyekuwa akimpelekea salamu. Kwa dada humfikia mtu upesi. Kaka huhama na bahari, dada yuko, au yuko binti yake, na anakumbuka ndugu yake aliondoka na jahazi gani.

Mara moja tuliwaunganisha kwa video mama mmoja wa Kojani na watoto wa mjomba wake walioko Kwale. Hawakuwa wameonana hata kwa picha. Walianza kwa kusalimiana kwa heshima kama wageni, mpaka yule wa Kwale alipogeuka kumwita mkewe, na mama akapiga kelele, "Shingo hiyo ya mama yangu!" Baada ya hapo mimi na Mwalimu hatukuwa na kazi tena pale, tukatoka tukawaachia simu mpaka chaji ikaisha.

Daftari likishasomwa mbele ya ukoo mzima na kurekebishwa, Mwalimu huandika nakala mbili. Moja hukabidhiwa mkubwa wa ukoo. Ya pili nimeshikilia tangu mwanzo apewe mwanamke, na wanawake wa nyumba wamchague wenyewe. Lilizusha maneno. Mzee mmoja wa Ole, mtu mwema sana, alinambia, "Bibie, mwanamke huolewa. Ataondoka na daftari letu." Nikamjibu, "Naam, ami, ataondoka nalo, na watoto atakaozaa huko watajua kuwa hapa ni kwao." Alinyamaza, kisha akamwita mjukuu wake wa kike anayesoma skuli ya sekondari, akamwambia aje achukue.

Juzi huyo msichana amenipigia. Ameongeza watoto wawili waliozaliwa baada ya Ramadhani, na amemtia mke wa pili wa babu yake mkuu, ambaye sisi hatukumpata. Alimpata kwa haloo yake, dada wa mama yake, aliyeko Mombasa. Anauliza kama mtoto aliyelelewa na mama wa kambo tangu siku saba, akanyonya kwa jirani, apigiwe mistari miwili au mitatu. Nimemwambia mitatu.